Siku moja na Kidato cha Tatu: kutoka mnara wa Mau Mau hadi Nyayo House

Saa kumi na mbili unusu asubuhi nipo langoni mwa shule, nikikusanya barua za ruhusa za wazazi kabla basi halijaondoka. Nafundisha Historia, na leo somo liko katikati ya jiji la Nairobi.

Saa tatu tunashuka Uhuru Park, kwenye Freedom Corner, na kuanza na mnara wa kumbukumbu ya Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni wa Waingereza. Ulizinduliwa Septemba 2015 kwa fedha za Uingereza, baada ya nchi hiyo kukubali mwaka 2013 kuwalipa fidia Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952. Sanamu zake zinaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, kila mmoja akiwa ameutazamisha uso wake kwingine, ili atakayekamatwa asiweze kumtambua mwenzake hata akiteswa. Hapa siwaharakishi wanafunzi. Kisha nawaeleza kwamba kwenye kona hiyo hiyo, mwaka 1992, akina mama waligoma kula pamoja na Wangari Maathai, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe, hadi polisi walipowatawanya kwa virungu na gesi ya kutoa machozi.

Saa tano tunapita haraka Central Park, ulipo mnara wa Nyayo wa mwaka 1988, ulioadhimisha miaka 10 ya utawala wa Rais Daniel arap Moi: ngumi iliyoshika rungu juu ya Mlima Kenya. Rungu lenyewe linajieleza.

Saa sita tunasimama nje ya Nyayo House, jengo la ofisi za serikali, mbele ya foleni ya wanaotafuta pasipoti. Chini yao kuna seli ambamo, enzi ya Moi, mahabusu wa kisiasa walifungiwa gizani, sakafu ikimwagiwa maji, kabla ya kufungwa vitambaa machoni na kupandishwa kwa lifti hadi orofa za juu kuhojiwa. Februari 2003 seli hizo zilifunguliwa kwa umma, na makumbusho yakaahidiwa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru baadhi ya manusura walipwe fidia.

“Mwalimu, mbona hatuingii?” anauliza mmoja. Namjibu kwamba mtesaji wa kikoloni alirudi kwao, hivyo ni rahisi kumjengea mwathiriwa wake sanamu. Mtesaji wa Nyayo House ni raia mwenzetu, na ofisi aliyoitumia bado inahudumia wananchi. Taifa linalokumbuka maovu ya wageni pekee limejijua nusu tu.

Saa tisa, darasani, kila mwanafunzi anaandika maneno ya kibao cha kuwekwa mlangoni pa seli zile. Msichana wa dawati la mbele anauliza kama ataje waliotoa amri. Namwambia ataje cheo na ofisi, na Jumatatu atetee uamuzi wake mbele ya wenzake.