Tutatukana Jumamosi

Jumanne usiku, Kisumu.

Huu ni mwaka wangu wa tatu nikiwa katibu wa chama chetu. Jana usiku, stima imepotea na simu imebaki na asilimia 4, niliandika: "Wapendwa, Jumamosi saa nane tutatukana kwa mweka hazina. Wanaotoka mbali mtasuka Kondele."

Nikatuma, nikalala. WhatsApp hukupa dakika 15 za kurekebisha ujumbe; mimi zilinipita nikikoroma.

Asubuhi nikakuta mmoja anauliza, "Katibu, nianze na nani?" Mwingine alitaka kujua tutasukwa rasta au matuta, maana bei si moja. Nilicheka, mpaka nikakumbuka kwamba wiki iliyopita mimi na mweka hazina tulizozana kuhusu faini. Nikampigia. Alipokea mara ya tatu.

"Yaani mje kunitukana kwangu, na chai niwapikie mimi?"

Mama, nilikusudia *tutakutana*. Ni k na t tu zilizobadilishana viti. Na ubaya wake, yote mawili ni maneno halali, kwa hiyo hata simu yenye kamusi ya Kiswahili ingenyamaza. Tena niliusoma kabla ya kutuma! Jicho lilisoma kilichokuwa kichwani, si kilichokuwa kwenye kioo.

Mwalimu wetu wa darasa la nane alilijua hilo. Insha ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa ya dakika 40, naye alituamuru tuweke kalamu chini zikibaki 5, tusome midomo ikicheza. Mdomo ungeninasia *tutatukana*. Lakini *mtasuka*? Dholuo, lugha yangu ya kwanza, haina "sh". Ulimi wangu husema "mtasuka" na sikio langu likasikia "mtashuka" bila wasiwasi wowote. Hapo mdomo, sikio na mkono ni genge moja.

Ndiyo maana leo, kabla ya kutuma ujumbe wa kuomba radhi, nilimpa binti yangu wa gredi ya 5 ausome kwa sauti. Anasoma polepole kama anayevuka mto kwa mawe, na hana huruma. "Baba, *msaha* ni nini?" Msamaha, mama. Anadai mandazi moja kwa kila kosa, nadaiwa matatu.

Nimetuma. Mweka hazina amejibu: "Sawa."

Sawa, halafu nukta. Yeye huwa haweki nukta. Tangu saa moja naikagua.