Kumbukumbu ya studio yangu ya picha: kutafuta bei ya saa moja

10 Januari 2026

Funguo ninazo mkononi. Chumba kiko Sinza, Dar es Salaam, ghorofa ya kwanza, mita 6 kwa 9, dari liko juu mita 3.4. Nilikataa vyumba vinne kwa sababu ya dari tu. Dari likiwa chini, taa ya juu haina pa kwenda mtu mrefu akisimama. Kodi ni 450,000 kwa mwezi. Nimelipa miezi sita kwa mkupuo, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Akiba ya miaka minne ya kupiga harusi imeingia humo.

Nitaitumia mwenyewe siku chache kwa mwezi, siku zilizobaki nakodisha kwa saa kwa wapigapicha wenzangu. Wengi tumeanzia Coco Beach kwa kuwa ufukwe hauna kodi. Najua inavyokuwa kumfunika mteja na kanga ili abadilishe nguo, huku jua la saa tano likikimbiza kila kitu. Nataka watu hao wapate chumba.

14 Januari

Leo nimekaa na daftari. Gharama za kila mwezi: kodi 450,000, msaidizi 250,000, usafi 60,000, mchango wa mlinzi 30,000, intaneti 55,000, umeme nimetenga 90,000, leseni na kodi ya mapato 40,000, rangi na matengenezo 50,000. Vifaa vimenigharimu milioni 6.5: flashi tatu, softiboksi za kulainisha mwanga, stendi, triga ya kuwashia flashi, kiyoyozi. Nikivihesabia maisha ya miaka mitatu, kila mwezi vinakula kama 180,000. Jumla 1,205,000. Nikijiwekea mshahara wa 600,000 inakuwa 1,805,000.

Studio itakuwa wazi saa 12 kwa siku, siku 26. Hizo ni saa 312. Nikagawanya, ikatoka shilingi 5,785 kwa saa.

Nilifurahi sana. Nikapigia simu studio tatu kuuliza bei zao: ya chini 10,000, ya juu 40,000. Nikaandika 15,000, taa zote ndani, nikaona nimewafaa watu na mimi mwenyewe faida ninayo.

16 Februari

Mwezi wa kwanza umeisha. Saa zilizouzwa ni 41. Fedha iliyoingia ni 615,000, gharama ni 1,205,000. Nimetoa 590,000 mfukoni ili watu wapige picha.

Kosa ni ile 312. Hakuna mtu anayekodi studio Jumanne saa mbili asubuhi kwa sababu tu mlango uko wazi. Watu wanataka Jumamosi na Jumapili kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili jioni, basi. Saa tupu nazo zinalipiwa kodi, na anayezilipia ni saa iliyouzwa. Nikigawanya gharama kwa saa 41 za kweli, kila saa ilinigharimu 29,390. Niliiuza kwa nusu.

Hata zile bei tatu nilizosikia kwenye simu sikuzielewa. Ile ya 10,000 ni chumba kitupu, unakuja na taa zako. Ile ya 40,000 ina taa, msaidizi na chumba cha kuvalia. Mimi nilichukua bei inayokaribia ya chumba kitupu nikaweka huduma ya ile ya juu.

18 Februari

Karatasi. Hii inastahili ukurasa wake.

Roli moja ya karatasi nyeupe, ile inayoning'inia nyuma ya mteja na kutandikwa hadi chini ya miguu yake, ina upana wa mita 2.72 na urefu wa mita 11. Nilinunua kwa 180,000, kwa hiyo mita moja ni karibu 16,400. Mteja akishasimama juu yake na viatu vya mtaani, kile kipande kimekwisha, unakikata. Wateja 14 walitumia karatasi nyeupe mwezi huu, na kila mmoja aliondoka na sentimita 60 hivi. Roli imebaki kipande. Ni kama 138,000 zimekatwa kwa mkasi, na hazikuwepo kabisa kwenye lile daftari la Januari.

Kuna dada aliyekuja na mtoto wa mwaka mmoja, keki, na unga wa kumeta. Picha zilipendeza mno, yule mtoto nitamkumbuka. Lakini ule unga tumeuokota siku nne, na hadi leo kichujio cha kiyoyozi kinang'aa.

Nimeamua hivi. Vinaili nyeupe, yaani plastiki inayofutika kwa kitambaa, ni bure kwa kila mteja. Anayetaka karatasi analipa 18,000 kwa mita aliyochafua, tunapima pamoja kabla hajaondoka. Soli za viatu zinafutwa mlangoni, kitambaa na ndoo ya maji vipo pale. Keki, unga wa rangi na vitu vya kumeta ni 30,000 ya usafi, na anaambiwa siku anapoweka nafasi. Kumtajia mtu malipo mapya akiwa ameshika begi anaondoka ni kumdhulumu.

19 Februari

Umeme, kila mtu alinitisha nao, nami nikaamua kupima kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Kwa elfu kumi napata uniti 28. Kiyoyozi cha BTU 18,000 kikikazana kinakula kama uniti 1.6 kwa saa, taa zote tatu haziongezi hata moja. Saa nzima ya kazi haifiki shilingi 800. Ile 90,000 niliyotenga haikuisha. Kumbe karatasi ilinila na sikuwa nimeiwazia.

22 Februari

Jumapili ya leo imenichosha, naiandika kabla sijalala.

Mteja wa saa nne alifika saa tano na nusu akiwa na mtu wa mekapu. Mekapu ikachukua saa nzima na robo. Mteja wa saa sita akafika kwa wakati, akakuta kamera ya mwenzake haijatoka hata kwenye begi. Yule wa kwanza alikuwa mkali: "Dada, sijapiga hata picha moja, saa yangu inahesabiwaje?" Yule wa pili alikaa kwenye ngazi na bibi harusi wake, kimya, na kimya chake kiliniuma kuliko maneno ya yule wa kwanza. Mwisho sikumtoza hata mmoja.

Kwa hiyo saa inaanza kuhesabiwa muda uliowekwa, awe amefika au hajafika. Dakika 15 za kufunga taa ni zangu, sizitozi. Kona ya mekapu naitenga kwa pazia nene, bei yake 8,000 kwa saa, ili mteja anayepambwa asimzibie anayepiga. Kianzio ni nusu ya malipo. Umeme ukikatika saa inasimama, hiyo si juu ya mteja.

Na wikendi sipokei tena saa mojamoja. Kati ya mteja na mteja nahitaji nusu saa ya kufagia na kurudisha taa. Aliyelipa saa moja ananichukulia saa moja na nusu. Mteja akichukua saa mbili au zaidi, hesabu inakaa sawa.

27 Februari

Bei mpya, zinaanza tarehe 1 Machi.

Nimejiwekea lengo la saa 70 kwa mwezi. Wikendi na sikukuu 35,000, siku za kazi 25,000. Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, ni 15,000. Nikiuza 30 za wikendi, 25 za kawaida na 15 za asubuhi napata 1,900,000, na ile 1,805,000 inafunikwa. Bei zote ni kwa shilingi, hata kwa mgeni anayeulizia dola. Kanuni za serikali ya Tanzania za 2025 zimekataza kutaja bei kwa fedha za kigeni.

Washikaji wanaosema "dada, si tuko pamoja, nifanyie elfu kumi" nawapenda, na wengine walinibebea hizi stendi kupanda ngazi. Nawapa asubuhi ya siku za kazi kwa 10,000. Jumamosi simpi mtu punguzo, maana Jumamosi ndiyo inayolipa kodi ya Jumanne. Nami pia najilipisha: kazi zangu mwenyewe zikiingia studio naziandika kwa bei ileile, nalipa kutoka kwenye fedha ya harusi. Bila hivyo sitajua kama studio inajisimamia au inaishi kwa jasho la kamera yangu.

24 Machi

Niliogopa mwezi huu. Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja, na harusi zikapotea kabisa. Nilidhani kupandisha bei wakati huo ni kujifungia mlango mwenyewe.

Hadi leo saa zilizouzwa ni 52. Wikendi pamoja na Idi 19, siku za kazi mchana 15, sita kati ya hizo ni zangu. Asubuhi 18. Asubuhi! Nilikadiria 15 kwa mwezi mzima. Wengi ni wapigapicha wachanga. Yupo binti mmoja anayekuja kila Jumanne saa mbili na mfuko wa viatu vya dukani kwa shangazi yake, anavipiga kwa taa moja na ubao mweupe hadi saa nne, halafu anafagia mwenyewe kabla sijamwambia. Siku ya Idi mpigapicha mmoja alichukua saa saba mfululizo, familia zikawa zinapanda baada ya swala, watoto na kanzu mpya, na viatu vyote vikafutwa mlangoni.

Jumla 1,310,000. Gharama zimelipika, mimi nimebakiwa na 105,000, na siku saba bado zipo. Roli mpya imekatwa mita mbili tu, zote zimelipiwa. Keshokutwa fundi anakuja kupaka ukuta mweupe upya, na mimi nabandika ubao wa bei mlangoni, kwa maandishi makubwa, karatasi na usafi vikiwa mstari wa kwanza.