Siku moja kazini: kufundisha "begin" na "start"

Saa 2:00 asubuhi. Darasa la wanaojifunza Kiingereza kwa mara ya kwanza. Ubaoni kuna maumbo matatu tu: begin, began, begun. "Began" hujitegemea: "The lesson began at eight." "Begun" huhitaji kitenzi kisaidizi mbele yake: "The lesson has begun." Makosa mawili hayakosekani, "has began" na "I begun". Kuyaeleza kwa kanuni husaidia kidogo. Kutamkisha husaidia zaidi. Darasa zima hurudia kwa sauti: sing, sang, sung, drink, drank, drunk, begin, began, begun. Sikio likishazoea i, a, u, kalamu nayo hufuata.

Saa 3:30. Tahajia, dakika kumi zinatosha. "Beginning" ina n mbili katikati kwa sababu mkazo wa "begin" uko kwenye silabi ya mwisho. "Opening" haiongezi n kwa sababu mkazo wa "open" uko kwenye silabi ya kwanza.

Saa 5:00. Darasa la kati, na hapa ndipo penye kazi. Kiswahili hubadilisha mwisho wa kitenzi: anza, anzia, anzisha. Kiingereza hakina viambishi hivyo, kwa hiyo maana hubebwa na neno linalofuata, au kitenzi chenyewe hubadilishwa. "The meeting began" na "She began the meeting" hutumia umbo lilelile, ingawa sisi tungesema ulianza na aliuanzisha.

Kwa "anzisha", mara nyingi start ndiyo salama: "start a company", "start a rumour". Kwa mashine hakuna hiari: "start the engine", kamwe si "begin the engine". Hata kushika njia ni start: "We should start at dawn, before the roads fill up."

"Anzia" ndiyo huzaa kosa sugu kuliko yote: "The course begins from Monday." Hiyo ni "kuanzia Jumatatu" iliyohamishwa nzima nzima. Siku huchukua on, saa huchukua at, mwezi huchukua in: "begins on Monday", "at nine", "in May". Kwa "kuanza kwa" tazama kinachofuata. Nomino hutaka with, "begin with a question". Kitenzi hutaka by na -ing, "begin by asking a question". Ningekuwa na kipindi kimoja tu kwa wiki, ningekitumia hapa.

Saa 8:00 mchana. Kusahihisha madaftari. Wengi hujiuliza waandike to au -ing. "It began to rain" na "It began raining" zote ni sahihi, kwa hiyo hakuna anayepoteza alama. Kalamu nyekundu hutumika mahali pawili. Begin ikishakuwa na -ing, kinachofuata huwa na to: "It is beginning to rain". Na vitenzi vya kujua na kuelewa hupenda to: "I began to understand".

Saa 10:00 alasiri. Watu wa ofisini, wanaopenda commence. Neno hili liliingia kutoka Kifaransa cha kale, ilhali begin ni la Kiingereza chenyewe tangu zamani, na hadi leo commence lina sauti ya mkataba: "The lease commences on 1 May." Hapo linakaa vizuri. Katika barua pepe ya kumwambia mwenzako kikao kimeanza, linakuwa zito bure. Andika "has started". Tahajia yake ni m mbili, kisha c.

Initiate nayo huja na sharti lake: lazima itajwe shughuli inayoanzishwa. "They initiated talks" ni sahihi. "The talks initiated" si sahihi. Sema "The talks began", au "The talks were initiated" ukitaka kubaki na kitenzi hicho.