Mbege ya posa: siku moja kwenye banda letu la kupikia, Marangu

Saa 11 alfajiri

Nakamua, nawawekea ng'ombe majani niliyokata jana jioni, maziwa namwachia mama mkwe, nashika njia ya kushuka. Saa hizi huku Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ni baridi kweli, ukungu bado umelala kwenye migomba na udongo unateleza. Banda letu liko mwisho wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mwenzetu mmoja, karibu na mfongo, mfereji wetu wa maji. Lina mabati juu, meko mawili ya matofali, masufuria makubwa, mapipa ya plastiki na kabati lenye kufuli. Hakuna kitu humo ndani ambacho ni cha mtu mmoja. Tulichanga kidogo kidogo sisi wanawake wa kikundi, kwa sababu sufuria la kuchemshia ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa wingi si la kununuliwa na mama mmoja mwenye watoto shuleni.

Leo ni Ijumaa. Kesho kuna familia inapeleka posa, na mbege wamenikabidhi mimi. Huku kwetu posa haiendi mikono mitupu, na wazee wa upande wa pili wanaionja kabla hawajafungua mdomo kuzungumza. Ikiwa imechachuka, aibu inaingia kwenye ukoo wa watu. Kwa hiyo natembea haraka.

Saa 12 asubuhi

Mwenzangu aliyepika jana nimemkuta mlangoni. "Shimbonyi," tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, kisha moja kwa moja kazini. Kwetu huruhusiwi kuacha ufunguo mahali ukaenda zako. Anayemaliza anamkabidhi anayeanza, wote wawili mmesimama mbele ya chombo, na mwanga upo.

Nianze na pipa, maana hapo ndipo penye kazi. Kwanza unaingiza kichwa na kunusa. Pipa safi halinuki kitu, labda plastiki kidogo. Likinuka siki, hata kwa mbali, limekataa. Kisha unapitisha kidole kwenye ukingo wa ndani, pale mfuniko unapokalia. Macho hayaoni chochote pale, ila kidole kinajua: pakiteleza pana utando, na ndani ya utando ule wamo wadudu wanaogeuza kilevi kuwa siki. Wanapenda hewa, ndiyo maana hukaa juu ukingoni kuliko chini. Ukimimina mbege mpya humo, wanaanza kula kabla wageni hawajafika.

"Dada, hapa panateleza."

"Wapi? Hebu." Anapitisha kidole chake. "Kweli. Ngoja niwashe maji."

Hakuna aliyenuna. Anasugua kwa kitambaa na sabuni, anasuuza kwa maji yanayochemka, napitisha kidole tena. Kitambaa, si mchanga wala stilwaya. Plastiki ikishakwaruzwa, kila mkwaruzo ni chumba cha wale wadudu, na hakuna maji ya moto yatakayowatoa wote humo. Tuna pipa moja liliharibiwa hivyo na mtu aliyesugua kwa nguvu na nia njema kabisa. Sasa tunawekea kuni.

Baada ya hapo ni chujio, tunalinyanyua wawili kuelekea mlangoni tuone kama limetoboka. Kisha mwiko, ndoo, mifuniko. Anasaini daftari, nasaini, anakwenda kwake.

Makabidhiano haya hayakuwepo tangu mwanzo. Kulikuwa na ratiba ya usafi ukutani, imeandikwa vizuri, kila jina na siku yake. Ikashindwa. Aliyepangiwa Jumatano pengine hakupika wiki hiyo, anakuja kusugua ukoko wa mwenzake, moyo unamuuma, anasugua juu juu. Aliyepika naye anasema usafi si siku yangu. Chombo cha wote kikawa hakina mwenyewe. Mimi nasema waziwazi kwenye kila kikao: ratiba ya usafi kwenye mali ya pamoja inamfundisha mtu kuacha uchafu. Tulipoifuta, tukaamua mambo mawili tu. Uliyetumia ndiye unayesafisha, na mwenzako akubali kwa macho na kidole chake. Na kila kitu kisichohamishika kina mama yake. Paa lina mama yake, bomba la maji lina mama yake, chujio na vitambaa vina mama yao. Meko na dohani ni vyangu.

Saa 1

Nawasha. Kabla ya kuwasha nachungulia dohani na kugonga bomba kwa fimbo, masizi yanadondoka. Yakijaa, moshi unarudi ndani, na sisi tunakaa humu saa nyingi, wengine na watoto mgongoni. Siku ndizi zinapochemshwa moto hauzimwi mpaka rangi igeuke nyekundu ya udongo, kwa hiyo dohani bovu ni macho na vifua vyetu. Jiko la kushoto lina ufa mpya. Nakanda udongo wa mfinyanzi na majivu, naziba, naliacha likauke. Nitatumia la kulia.

Sufuria la kwanza ni maji matupu. Kila kitakachogusa mbege leo kinapita humo.

Saa 3

Mso. Kwa msomaji asiye wa huku: mbege ni ndoa ya vitu viwili. Kuna nyalu, yaani ndizi mbivu zilizochemshwa, zikapozwa, zikafunikwa zichache kwa siku kadhaa. Na kuna mso, uji wa ulezi ulioloweshwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Nyalu yangu iko kwenye pipa la kona, imetimiza wiki. Ulezi niliuanika mwenyewe, na kila jioni niliuingiza ndani, maana ulezi ulioota ukiguswa na unyevu unashika kuvu, na sumu yake haitoki kwa kupika. Ndiyo maana mama wa paa hana likizo. Tone moja kutoka kwenye msumari uliolegea linatosha kuharibu gunia.

Nakoroga taratibu mpaka uji ushike, kisha nautia maji ya msesewe. Msesewe ni mti, na magome yake ndiyo yanayoleta uchungu. Ukizidisha, mbege haimezeki. Ukipunguza, wazee watauliza kama umewapikia watoto.

Mti wenyewe uko ukingoni mwa mfongo, nao tumeuandika kwenye daftari kama tulivyoandika masufuria. Gome linatolewa upande mmoja, kipande kirefu chembamba, na upande ule unaachwa upone. Anayebandua kuzunguka shina lote ameua mti, kwa kuwa chakula cha mti hupita kwenye gome kushuka mizizini. Misesewe imepungua huku kwetu, na wengine sasa wananunua gome sokoni bila kujua limetoka wapi. Kwa kanuni hii mimi ni mkali kuliko kwa nyingine zote. Sufuria likitoboka tutachanga tena, lakini mti ule ulipandwa na watu ambao hatukuwaona.

Saa 5

Mso unapoa, umefunikwa. Anaingia binti aliyejiunga juzijuzi, amebeba dumu la lita ishirini, uso umejaa furaha. Amepewa bure, anataka liwe la kikundi.

Bibi yetu mkubwa kabisa, ambaye hapiki tena ila huja kila siku kukaa karibu na moto, analivuta na kulinusa.

"Mwanangu, hili lilikuwa la nini?"

"Sijui bibi. Nimelisafisha mara nyingi."

"Lilikuwa kwa nani?"

Anataja. Ni mwenye shamba la kahawa. Bibi anatikisa kichwa. Dumu lililobeba dawa ya kahawa halirudi kuwa la kunywea, hata ulisafishe mwaka mzima, kwa sababu plastiki hunywa kile kilichowekwa ndani. Binti ananyong'onyea. Bibi anamshika mkono: "Hujakosea, umetuletea kwanza ili tulione. Ndivyo inavyotakiwa. Lipeleke ukachotee mchanga wa kujengea."

Kwenye mlango wetu vimekatazwa vitu vitatu: dumu lisilojulikana lilikotoka, chandarua chenye dawa kinachotumiwa kama chujio, na pipa la chuma. Hili la chuma watu hulibishia, wanasema babu zetu walipikia. Mbege ina ukali unaomega chuma kidogo kidogo na kukiingiza kwenye kinywaji. Kusini mwa Afrika madaktari walishaeleza tangu karne iliyopita jinsi watu waliokunywa pombe ya kienyeji iliyotengenezwa kwenye vyombo vya chuma kwa miaka mingi walivyojaa madini hayo mwilini mpaka maini yakaharibika. Ndugu zetu ndio wanaokunywa hapa, tunawajua kwa majina.

Saa 7

Kiburu cha moto, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, na parachichi. Dakika chache, narudi.

Saa 8

Kuchuja. Hii ndiyo saa ninayoipenda. Nafungua nyalu, harufu inapanda tamu na kali kwa pamoja, juu kuna povu lililokauka. Naongeza maji yaliyochemshwa yakapoa, navunjavunja rojo kwa mikono iliyooshwa mpaka viwiko, kisha tunamimina kwenye chujio, mimi na binti wa dumu. Nimemwita makusudi. Nataka ajue kwamba kukamua mara ya mwisho kunafanywa kwa upole, ukisokota sana nyuzi za ndizi zinapita na mbege inakuwa nzito.

Maji ya nyalu yanaingia kwenye pipa lile la asubuhi, kisha mso kata baada ya kata, yeye akikoroga. Rangi inageuka taratibu kuwa ya udongo uliolowa. Hazijapita dakika nyingi, viputo vinaanza kuja juu.

"Imeanza, mama!"

"Imeanza. Sasa funika, lakini usibane."

Kesho asubuhi itakuwa tayari, na kesho hiyo hiyo inywewe. Mbege haikai. Ya kuuza kilabuni huisha siku ile au ya pili yake, baada ya hapo ni siki.

Saa 10 jioni

Mweka hazina anapita na kijitabu. Kila pipa linalotoka bandani linaacha shilingi 1,000 ya matengenezo, liwe la biashara au la sherehe ya nyumbani kwako. Natoa yangu. Fedha hii hatukopeshani, hata kwa msiba. Kwa msiba kuna mfuko mwingine. Kuna waliotuona tuna roho mbaya, mimi naona ndiyo iliyotuwezesha kununua bomba la dohani bila kumwomba mtu.

Meku mmoja, yaani mzee, anayesimamia mfongo amesimama nje, amekuja kutukumbusha kwamba wiki ijayo ni kuzibua. Maji yetu ya kuoshea sakafu na nje yanatoka huko. Utaratibu wa mifongo ni wa kale kuliko hata kahawa kufika mlima huu: wanaochota wote wanatoka na majembe, asiyetoka analipa faini, na zamani faini yenyewe ilikuwa mbege. Namwambia tutakuja wote.

"Msije na maneno tu," anasema. "Mje na majembe."

"Aika, meku. Tutakuja nayo."

Saa 12 jioni

Nimeosha. Sufuria la mso ndilo gumu, ulezi ukikauka unashika kama gundi, kwa hiyo nililijaza maji ya moto tangu saa 8 na sasa unatoka kwa mwiko. Chujio nimelichemsha na kulianika kwenye kamba, halikunjwi likiwa bichi. Majivu nimezoa. Ufa wa jiko umekauka, nimeugonga kwa kidole, umeshika.

Anakuja wa zamu ya kesho, mama mwenye mkono mzito kwenye ukaguzi kuliko sisi sote. Ananusa, anapitisha kidole, ananyanyua mifuniko mmoja mmoja kwenye taa ya simu. Kwenye sufuria la pili anasimama.

"Huu mpini umelegea."

Ribiti moja inacheza. Mimi leo sikulitumia sufuria hilo, naye anajua. Tunarudi nyuma kwenye daftari: juzi liliandikwa zima, jana lilitumika. Anapiga simu kwa aliyepika jana, anaweka sauti juu tusikie wote. Jibu linakuja bila kuchelewa: "Kweli lilinishtua wakati naepua, nikasahau kusema. Andikeni jina langu, Jumatatu nalipeleka kwa fundi." Gharama itatoka mfuko wa matengenezo, kwa kuwa ribiti huchoka zenyewe. Kulibeba mpaka kwa fundi na kulirudisha ni juu yake. Tunalifunga kitambaa chekundu mpinini ili asije mtu akaepua maji ya moto nalo.

Pipa la posa linabaki bandani usiku huu. Nampa ufunguo na kumwonyesha lilipo. Wenye posa wanakuja na gari saa 3 asubuhi, mimi nitashuka saa 12 kulionja kwanza.

"Njoo na kata yako," ananiambia. "Za humu ndani nimeshazihesabu."