Maharage nayo yanapumua

Leo hapa Ujiji nimefundisha upumuaji kidato cha tatu, na bado nina furaha. Tulikuwa na maharage yaliyoanza kuchipua. Nusu tuliyachemsha yafe, tukayapoza. Kila fungu likawekwa kwenye chupa yake pamoja na kikombe kidogo cha maji ya chokaa, tukaziba kabisa hadi asubuhi.

Kwenye maharage hai, maji yamegeuka meupe kama maziwa. Kwenye yaliyochemshwa, bado maangavu. Kisha binti mmoja akapuliza kwa mrija (kupuliza tu, asinyonye!) kwenye maji mengine ya chokaa, nayo yakawa meupe. Kinachoyageuza meupe ni kaboni dayoksaidi, hewa tunayoitoa tukipumua. Maharage hai nayo yametoa ile ile! Darasa zima likapiga makofi.

Wanafunzi wengi hukariri kwamba mimea hupumua usiku tu. Si kweli. Hupumua saa 24 kama sisi, ikivunja sukari ipate nishati. Mchana, penye mwanga wa kutosha, usanisinuru (mmea kujitengenezea sukari kwa mwanga, maji na kaboni dayoksaidi) huenda kasi kuliko upumuaji, hivyo kaboni dayoksaidi hiyo hutumika humo humo jani­ni, na oksijeni ya ziada ndiyo hutoka.

Walimu wenzangu, maharage na chokaa vipo sokoni. Kesho tunajaribu mahindi.