Usiku wa 152 kwa 79: siku moja nyuma ya usukani, Memphis

Kwenye mfuko wa mlango wa gari langu kuna daftari la jalada gumu. Kila safari naandika saa, nilipompakia abiria, nilipomshusha, na maili nilizokwenda, kwa kuwa huku Marekani dereva wa teksi ya kuitwa kwa simu anapopiga hesabu ya kodi mwisho wa mwaka, maili ndizo zinazomwokoa. Ndiyo maana siku ya Alhamisi, Desemba 2, 2021, naweza kuisimulia saa kwa saa bila kubahatisha. Ukurasa wa siku hiyo una kitu kingine ambacho kurasa nyingine hazina: pembeni, kwa kalamu nyekundu ya mwanangu, pameandikwa 152–79.

Saa nazihesabu kwa Kiswahili, kama nilivyofundishwa shuleni nikiwa mtoto katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania. Mwanangu, ambaye shule ameianzia hapa Memphis, hunisahihisha kila siku. Nami sijaacha.

Saa 10 na nusu alfajiri. Rikwesti ya kwanza ilitoka uwanja wa ndege. Memphis ndiko kilipo kituo kikuu cha kampuni ya vifurushi ya FedEx, ndege zake hutua usiku kucha, na wanaopakua na kupanga ile mizigo hutoka kazini wakati wengine wanajigeuza kitandani. Wakongo wenzangu wapo wengi. Aliyeingia alikuwa mama wa makamo, mtu wa Uvira, nikamtambua kwa sauti kabla hajavuta mkanda. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nipeleke taratibu, mgongo huu si wangu tena." Tulizungumzia bei ya unga wa muhogo, na wajukuu zake, ambao tangu Ijumaa walikuwa wamenuna.

Sababu ya kununa kwao ilikuwa ileile iliyomnunisha mwanangu. Novemba 26, Ja Morant, nyota wa Grizzlies, timu yetu ya mpira wa kikapu hapa Memphis, alitoka uwanjani akichechemea, goti limeteguka, kwenye mechi ambayo timu ilifungwa na Atlanta 132 kwa 100 hapahapa nyumbani. Kwa mtoto wa Memphis, Morant ndiye timu. Jezi namba 12 unaiona kanisani, unaiona dukani, unaiona kwenye kamba za nguo. Akiumia yeye, nyumba nzima inatembea kwa kunyata.

Asubuhi iliyobaki haina mengi: hospitali, shule, ofisi mbili za katikati ya jiji. Mvua ya rikwesti hukatika ghafla saa 3.

Saa 5 asubuhi. Nilimchukua mzee mmoja wa mtaa wa Orange Mound, abiria wangu wa mara kwa mara, kumpeleka kliniki. Nimemfundisha neno "mzee" na analipenda; ukimwita kwa jina anakaa kimya mpaka ulitamke. Huyu ndiye aliyenipa darasa la timu hii. Nilipofika Marekani sikujua mpira wa kikapu, nilijua wa miguu tu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba Grizzlies walihamia hapa mwaka 2001 kutoka Vancouver, Kanada, na kwamba wako waliocheka, eti mji mdogo hivi na maskini hivi utaijazia timu uwanja kwa kipi. Akanisimulia miaka ya Zach Randolph, Tony Allen, Marc Gasol na Mike Conley, timu iliyoshinda kwa kubana na kusukumana, hadi ikafika fainali ya kanda ya Magharibi mwaka 2013. "Tulikuwa tunashinda 88 kwa 83," hupenda kusema, "na kila pointi tuliitolea jasho."

Siku hiyo nilimuuliza anaonaje mechi ya usiku dhidi ya Oklahoma City Thunder. Akasema itakuwa ngumu, Morant hayupo, lakini Thunder nao wanayumba, basi tutashinda kwa pointi 5 au 6. Niliyaandika maneno yake kichwani. Namheshimu mzee huyu, na bado kila nikikumbuka ile "5 au 6" moyo unanicheka kwa furaha.

Saa 8 mchana nilirudi nyumbani kula. Ugali na sombe, yaani kisamvu, na usingizi wa saa moja uliokatwa na mlango: kijana karudi kutoka shule. Alikuwa na miaka 9 wakati huo. Nilimwambia mechi ataiangalia na mama yake mpaka mapumziko, halafu kitandani, kesho shule. Akanijibu bila kuinua uso, "Hata sina haja, baba. Leo tunafungwa."

Saa 11 jioni. Desemba huku jua huzama mapema, kabla hata ya saa 11 na nusu giza limeingia. Niliingia barabarani kuwafuata mashabiki. Uwanja wa FedExForum uko mwanzoni mwa mtaa wa Beale, ule wa muziki wa blues, na siku ya mechi dereva mwenye akili haingii Beale, anashushia barabara ya B.B. King na watu wanamalizia kwa miguu. Bado tulikuwa tunavaa barakoa garini, kwa hiyo hisia za mtu ulizisoma machoni. Nilipakia mume na mke waliotoka Cordova, tiketi walinunua mapema ili wamwone Morant. Mke akasema tumeshalipia, twende tukakae. Kijana mmoja wa chuo alikuja peke yake. Baba mmoja alikuwa na binti yake, jezi za buluu za Thunder, wametoka Oklahoma, mwendo wa kilomita zaidi ya 700 kwa barabara ya I-40. Aliniuliza kama daraja la Mto Mississippi limeshafunguliwa sawasawa, kwa maana lilifungwa miezi kadhaa mwaka huo baada ya kuonekana ufa kwenye chuma chake. Nikamwambia limefunguliwa, na nikawatakia usiku mwema. Thunder nao hawakuwa na mchezaji wao bora: Shai Gilgeous-Alexander alikuwa nje baada ya kuumia kichwa, na Josh Giddey mgonjwa.

Saa 1 usiku mpira ukarushwa. Nilikuwa na redio.

Sitaki kuusimulia mchezo wenyewe kana kwamba niliuona, niliusikia vipande vipande baina ya abiria. Ninachokumbuka ni sauti ya mtangazaji. Robo ya kwanza ilikuwa sauti ya kazi. Robo ya pili ikaanza kupanda, mtupo wa mbali, ule wa pointi 3, umeingia, mwingine umeingia, mwingine. Mpaka mapumziko tulikuwa tunaongoza 72 kwa 36. Maradufu kamili. Niliegesha kando ya barabara nikampigia mke wangu, nikasikia nyuma yake mtoto akipiga kelele ambazo sikuzisikia tangu Ijumaa. Kisha nikasikia amri ya kwenda kulala, na kelele za aina nyingine.

Saa 2 na dakika 10. Rikwesti kutoka mlangoni pa uwanja. Walitoka vijana wawili wenye mashati ya ofisini, wanakwenda Cooper-Young. "Imekwisha," mmoja akasema, "tutangulie kabla ya foleni." Sikuwalaumu. Pointi 36 mapumziko, nani anabaki? Niliacha redio wazi. Tukiwa Union Avenue tofauti ilikuwa imeshavuka 40. Wakaacha kuongea. Mmoja akafungua simu, akaifunga, akaifungua tena, kama mtu anayehakiki muamala wa pesa ambao haumwelei. Tulipofika kwao nilisimamisha gari, nikasema tumefika. Hawakushuka. Tulikaa watatu kwenye giza, injini inanguruma, tunasikiliza. Hatimaye mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama nina rikwesti nyingine inayonisubiri. Nilikuwa nayo. Nikaikataa. Tukakaa dakika nyingine 5.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo mpaka leo nalishikilia. Ushindi wa pointi 1 humfanya mtu arukeruke. Ushindi wa namna hii humnyamazisha.

Saa 3 na robo usiku. Nilirudi katikati ya jiji mbio, na mtiririko wa watu ulikuwa umeanza kumwagika. Matokeo ya mwisho: Memphis 152, Oklahoma City 79. Tofauti ya pointi 73, kubwa kuliko zote katika historia ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Rekodi ya zamani ilikuwa ya Cleveland, waliowafunga Miami 148 kwa 80 mnamo Desemba 17, 1991. Zilibaki wiki 2 tu itimize miaka 30. Kuna wakati tofauti ilifika 78. Kwa msomaji aliyezoea soka nitasema hivi: mechi ni dakika 48, na Memphis walipata zaidi ya pointi 3 kwa kila dakika, kama maji ya bomba lililopasuka. Kile walichowazidi wenzao kilikaribia kulingana na kila kitu ambacho wenzao walifunga usiku mzima.

Waliingia dada watatu. Nilitegemea nyimbo. Wakaketi, wakafunga mikanda, na yule wa katikati akasema namba tu: "Sabini na tatu." Kimya. Wa kulia akacheka kidogo. "Sabini na tatu," akarudia. Waliendelea hivyo mpaka Midtown, wakipokezana namba moja kama watu wanaoonja chakula kipya. Walipokuwa wanashuka mmoja wao akaniambia kitu cha maana: walikaa mpaka mwisho kwa ajili ya benchi. Jaren Jackson Jr. aliongoza kwa pointi 27, sawa, lakini waliowashangaza ni wale wasiopewa dakika. Santi Aldama, Mhispania aliyekuwa msimu wake wa kwanza, alipata 18. John Konchar, kijana ambaye mwaka 2019 hakuna timu iliyomchagua kwenye uteuzi wa wachezaji wapya, alipata 17. Wachezaji 9 walifikisha pointi 10 au zaidi. Mitupo 19 ya pointi 3 kati ya 36 iliingia.

Abiria waliofuata, baba na kijana wake mkubwa, walibishana njia nzima hadi Bartlett. Baba aliona haya: ukishamwangusha mtu, unamwacha ainuke. Kijana akasema wafanye nini sasa, washike mpira wakae nao? Waliniuliza mimi. Niliwaambia ninavyoamini: nyota wakipumzishwa, basi kocha ametimiza adabu yake. Anayeingia kutoka benchi ameisubiri dakika hiyo wiki nzima, pengine miezi, na ndiyo chakula chake. Huwezi kumwambia asitupe. Baba hakukubali. Alinishukuru hata hivyo, na alitoa bahashishi nzuri.

Saa 4 usiku nikapata rikwesti ya hoteli moja karibu na mto. Mlango ukafunguliwa: jezi za buluu. Yule baba na binti yake. Hakunikumbuka, mimi nilimkumbuka. Nilizima redio kabla hajaketi. Binti alikuwa amelia, kope zimeshikana. Nusu ya njia baba akamwambia, na ninayaweka kwa maneno yangu, kwamba wale ni watoto, wana miaka 19, 20, 21, wewe wape muda, uje uwahesabu tena. Nilimpenda mtu huyo. Walipofika niliwatolea begi, nikamwambia binti kwamba mwaka huu na mimi nimelia kwa ajili ya goti la mtu ambaye hanijui. Akatabasamu.

Nimemfikiria sana tangu Aprili 2025, Thunder walipotufunga 131 kwa 80 kwao Oklahoma City katika mechi ya kwanza ya mchujo, kisha wakatutoa 4 kwa 0, na mwezi Juni wakawa mabingwa. Lu Dort, aliyewaongoza kwa pointi 15 usiku ule wa kipigo, alikuwemo. Iliniuma, na katikati ya maumivu nikamwona binti yule mahali fulani, sasa ni msichana mkubwa, anaruka sebuleni kwao. Haki yake.

Saa 4 na nusu. Safari ya mwisho ilikuwa ya dada mmoja wa Whitehaven anayeingia zamu ya usiku uwanja wa ndege. Alikuwa amelala mchana kutwa, simu haina chaji. Akauliza kwa kawaida tu, "Grizzlies wamefanyaje?" Nikamwambia. Akaniangalia kwenye kioo. "Nimekuuliza matokeo." Nikarudia. Akajiinamia kwenye viganja vyake, mabega yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Mbele yetu ndege zilikuwa zimejipanga angani kusubiri kutua, taa moja nyuma ya nyingine, mstari mrefu uliopinda upande wa mashariki. Alishuka akitembea haraka, na kabla hajafika getini alikuwa ameshamshika bega mwenzake na kuanza kumwambia.

Saa 6 kasoro. Niliandika maili za mwisho, nikafungua mlango wa nyumba polepole. Mwanangu alikuwa amekaa sakafuni kwenye ukumbi, blanketi mabegani. Mama yake hakuwa amemwambia chochote, alisema hiyo ni kazi ya baba. Nikamtamkia namba. Akasema nimekosea. Nikamtamkia tarakimu moja moja: moja, tano, mbili. Akachukua daftari mkononi mwangu, akaleta kalamu yake nyekundu, akaandika. Kisha chini yake, kwa uangalifu wa mtoto aliyefundishwa kukopa tarakimu mwaka huohuo, akatoa 79 kwenye 152, akapata 73, akaizungushia duara, na akairudia hesabu toka mwanzo.