Kutoka Kamembe hadi Rusumo kwa kufuata maji

Basi la asubuhi kutoka Kamembe, magharibi mwa Rwanda, kwenda Huye hujaa mapema, kwa hiyo tiketi nilikata jana yake, kiti cha dirishani. Kabla ya kupanda, nilishuka mpakani na Bukavu, mji wa Kongo, kutazama mto Rusizi unavyotoka Ziwa Kivu. Maji pale ni maangavu, maana tope limeshatua ziwani. Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika mita 770 hivi. Tofauti hiyo yote Rusizi unaiporomoka. Kutoka Tanganyika maji huingia mto Lukuga, kisha Kongo, hadi Atlantiki. Zamani Kivu lilimwagia kaskazini, upande wa Ziwa Edward, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia na maji yakafurika kusini.

Baada ya mashamba ya chai ya Gisakura barabara inaingia msitu wa Nyungwe. Kupita kwa basi hakuhitaji kibali. Kutembea msituni kunahitaji, na utakiulizia kwenye vituo vya Gisakura, Uwinka au Kitabi. Chukua koti hata kama Kamembe umeacha jua kali. Machi hadi Mei acha nafasi ya siku moja katika ratiba: udongo wa miinuko hii ukishiba maji hushuka na miti yake, barabara ikafungwa hadi tingatinga lifike.

Pindura, ndani ya msitu huo, ndipo penye kigongo kinachogawa maji ya Kongo na ya Nile. Wanyarwanda hukiita isunzu, neno lile lile la amasunzu, mtindo wa kale wa kunyoa na kuacha vishungi vya nywele. Wengi hukosea hapa kwa kutazama mtaro wa barabara. Mtaro haukuambii kitu, kwani wajenzi huuvusha chini ya lami kupitia kalavati na kuumwaga kokote penye mteremko wa karibu. Tazama vijito vya asili bondeni, chini kuliko barabara. Vya magharibi huenda Kivu au Rusizi, vya mashariki huenda Nile. Na usiamini sana kimo kinachoonyeshwa na simu chini ya miti mirefu.

Upande unaomwagia mto Kongo una kama theluthi moja ya nchi, lakini takriban asilimia 90 ya maji ya Rwanda hutoka kwa njia ya Nile. Mito ya magharibi ni mifupi yenye mteremko mkali, ndiyo maana hujaa ghafla. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika Rubavu, katika mvua zilizoua zaidi ya watu 130 nchini.

Sasa mashariki. Mto Rukarara huanzia Nyungwe, na mwaka 2006 wapelelezi watatu waliopanda Nile kwa boti walitangaza kwamba chanzo cha mbali kabisa ni huko. Rukarara huingia mto Mwogo, ambao barabara inauvuka kati ya Nyamagabe na Huye. Jaribu kukisia pale maji yanaelekea wapi. Ukikumbuka kwamba Ziwa Viktoria liko mashariki utakosea: Mwogo unakwenda kaskazini. Ukikutana na Mbirurume unakuwa Nyabarongo, nao unazidi kupanda kaskazini hadi Mukungwa unapoingia ukitokea Ziwa Ruhondo. Hapo unageuka ghafla kusini-mashariki. Basi lenyewe halizunguki hivyo. Linapita Nyanza na Muhanga, na karibu na Kigali unavuka maji yale yale yakitoka kaskazini.

Darajani rangi ni ya kahawia iliyokolea. Ni udongo wa mashamba ya milimani, pale matuta yalipobomoka au hayakuchimbwa. Mvua zikizidi bonde hili hufurika na barabara ya Muhanga hufungwa, kwa sababu kutoka hapa mteremko karibu unaisha. Ardhi ya magharibi iliinuka pamoja na Bonde la Ufa, na mito iliyokuwa ikienda magharibi ikarudishwa nyuma. Ndiyo asili ya vinamasi vya mafunjo vya Bugesera, ambako mto Akanyaru unaingia. Ukitaka kujua mkondo unakwenda wapi humo, tupia jani na ungoje dakika kadhaa.

Kutoka Nyabugogo, stendi ya Kigali, magari ya Rusumo hupitia Kayonza na Ngoma, mbali na mto. Ukiutaka wenyewe, panda la Nyamata uuone tena kwenye daraja la Kanzenze. Baada ya vinamasi, karibu na Ziwa Rweru, jina la Nyabarongo linakuwa Akagera. Watanzania wanauita Kagera.

Rusumo usipige picha darajani bila kuuliza, ni mpaka na Tanzania. Maporomoko si makubwa, na mtambo wa umeme wa megawati 80, ambao Rwanda, Burundi na Tanzania wanagawana sawa, umechukua sehemu ya maji. La kutazamwa liko juu kidogo ya bwawa, ambako mto Ruvubu unaingia kutoka Burundi. Warundi nao wana chanzo chao cha Nile, chenye piramidi ndogo kule Rutovu, na maji yake ndiyo hayo ya Ruvubu. Chini ya makutano, maji ya Nyungwe na ya Rutovu hayatofautishiki tena.